Kabla hujamnunulia mtoto kicheza muziki, fikiria masikio yake

Mtoto akifanya vizuri mtihani wa kufunga muhula, huwa kuna ahadi ya kutimizwa nyumbani. Zamani ilikuwa baiskeli au viatu vipya. Siku hizi ahadi inayotajwa sana ni kitu cha kusikilizia muziki: MP3, spika ndogo ya kubeba mkononi, au simu yenyewe.

Ukifika dukani, muuzaji atakueleza mambo matatu: bei, ukubwa wa memori na chaji inakaa saa ngapi. Ni mambo ya maana, hasa kwa mzazi anayehesabu shilingi.

Lakini kuna jambo la nne ambalo ni nadra kulisikia kaunta. Kifaa hiki kinaweza kupeleka sauti kubwa kiasi gani kwenye sikio la mwanao, kwa muda gani, na je, wewe mzazi unaweza kuiwekea kikomo?

Wiki hii tunalinganisha vicheza muziki vinavyopatikana kwa wingi madukani kwetu, tukianza na swali hilo la nne. Mwisho utaona kwamba kifaa kizuri kuliko vyote huenda tayari unacho kabatini.

Sikio halina spea

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kidogo chenye umbo la konga la konokono. Humo tunazaliwa na chembe hai takribani 15,000 kwa kila sikio, zenye vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho. Kazi yake ni kupokea mtikisiko wa sauti na kuugeuza kuwa ishara zinazokwenda kwenye ubongo.

Sauti kubwa huzichosha chembe hizo. Ndiyo maana ukitoka kwenye harusi yenye muziki mkubwa, masikio hulia “ziii” na watu huonekana kama wanaongea kwa mbali. Ukilala na kupumzika, hali hurudi. Lakini zikichoshwa tena na tena, nyingine hufa.

Hapo ndipo penye tatizo. Ngozi ikichubuka huota nyingine. Mfupa ukivunjika huunga. Chembe hizi zikifa, kwa binadamu hazioti tena. Hakuna dawa ya vidonge, matone wala mitishamba inayozirudisha.

Uharibifu huu hauumi na hautoi damu. Huja polepole, miaka hadi miaka. Kwa kawaida huanza na sauti nyembamba, na kwenye lugha yetu sauti hizo ni zile za herufi kama s, sh, f, t na k.

Fikiria maana yake darasani. Mwalimu wa hesabu anasema “sitini”, mtoto anaandika “tisini”. Anaambiwa “fika”, anasikia “shika”. Anaitwa mzembe, au anaambiwa hasikilizi, kumbe anasikiliza sana ila sehemu ya neno haimfikii.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema zaidi ya vijana bilioni 1 duniani wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya namna wanavyosikiliza muziki na sauti nyingine kubwa za burudani. Jambo la kutia moyo ni kwamba upotevu wa aina hii unaweza kuzuiwa kabisa.

Hesabu ambayo muuzaji hakupi

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida sebuleni ni kama desibeli 60. Kicheza muziki kikifunguliwa hadi mwisho, kwenye spika za masikioni kinaweza kufika desibeli 100 au kuzidi.

Kwa mtu mzima, mwongozo wa WHO unaruhusu desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa mtoto, kiwango kimeshushwa hadi desibeli 75 kwa saa hizo hizo 40.

Unaweza kusema tofauti ya 75 na 85 ni ndogo. Kwenye desibeli si hivyo. Kila zikiongezeka desibeli 3, nguvu ya sauti huwa maradufu, na muda salama hukatwa nusu. Zikiongezeka 10, nguvu huwa mara kumi.

Kwa hiyo mtoto mwenye saa 40 kwa desibeli 75, akipandisha hadi 85 anabakiwa na saa 4 kwa wiki nzima. Hiyo ni kama nusu saa kwa siku. Akipandisha hadi 95, anabakiwa na dakika 24 kwa wiki. Safari moja ya daladala kutoka Mbagala hadi Kariakoo inaweza kuzimaliza.

Kuna kitu kingine kilichobadilika, na wazazi waliokua na kaseti watakielewa haraka. Sony ilipoanza kuuza Walkman mwaka 1979, kaseti ya dakika 60 ilikuwa inaisha upande mmoja baada ya nusu saa. Unaitoa, unaigeuza. Betri nazo zikichoka, muziki unaanza kuvuta na unazima. Sikio lilikuwa linapata mapumziko bila mtu kupanga.

iPod ya kwanza ilipotoka mwaka 2001 ilikuwa na memori ya GB 5 na ilitangazwa kuwa inabeba nyimbo 1,000. Leo memori kadi ya GB 8, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, inabeba nyimbo kama 2,000 za ukubwa wa kawaida. Ni zaidi ya saa 130 za muziki bila kurudia wimbo. Kifaa hakichoki tena, kinachochoka ni sikio.

Sasa tuviangalie vifaa vyenyewe kimoja kimoja.

1. MP3 ndogo isiyo na skrini

Hii ni ile ndogo yenye kibano cha kubana kwenye nguo, au yenye umbo la flashi. Ina vitufe vichache, inachajiwa kwa waya, na nyimbo zinakaa ndani yake au kwenye memori kadi.

Uzuri wake ni kwamba haina intaneti. Hakuna kuchati, hakuna video, hakuna mtu asiyemjua kumtumia ujumbe saa nne usiku. Inafanya kazi moja tu. Kwa mzazi mwenye mtoto wa shule ya msingi, hilo ni jambo kubwa.

Ubaya wake ni kwamba nyingi za bei ya chini hazina kikomo cha sauti. Haitoi onyo, haioneshi namba ya sauti, na mtoto akishikilia kitufe cha kuongeza inapanda hadi mwisho. Wewe huwezi kujua amefika wapi, kwa sababu anayesikia ni yeye peke yake.

Pia huuzwa ikiwa na spika za masikioni za kuchomeka tundu la sikio. Kwa mtoto hizo hazifai sana. Tundu la sikio la mtoto ni dogo kuliko la mtu mzima, hivyo sauti ileile humfikia kwa nguvu zaidi.

Ukiichagua, weka pembeni spika zilizokuja nayo na umnunulie hedifoni za kufunika sikio. Halafu kagua nyimbo zilizomo. Ukipeleka kadi kibandani kuwekewa nyimbo, mara nyingi unarudishiwa folda lililojaa kila kitu, zikiwemo nyimbo ambazo usingependa mtoto wa miaka tisa aziimbe mbele ya bibi yake.

2. Simu ya batani yenye memori kadi

Kiswaswadu bado ni redio na kicheza muziki cha familia nyingi, mjini na kijijini. Kinakaa na chaji muda mrefu, kikianguka hakipasuki kioo, na kina spika yake ya nje. Mtoto akisikiliza kwa spika hiyo akiwa ameiweka mezani, hatari kwa sikio ni ndogo.

Lakini kuna mtego. Kwenye simu nyingi za aina hii, redio ya FM haishiki mpaka uchomeke spika za masikioni, kwa sababu waya wake ndio antena. Mtoto anayependa kusikiliza mpira au bongofleva redioni hujikuta amezivaa muda wote.

Suluhisho ni rahisi. Chomeka waya ili redio ishike, kisha ingia kwenye menyu ya redio uchague sauti itoke kwenye spika ya nje. Simu nyingi zinaruhusu. Waya ubaki unaning'inia, usiwe sikioni.

3. Spika ndogo ya bluetooth na memori kadi

Hizi zimejaa kila mahali, zenye taa za rangi, redio, sehemu ya kadi na ya flashi. Kwa masikio ya mtoto, hiki ndicho kifaa salama kuliko vyote vinavyouzwa dukani, kwa sababu mbili.

Kwanza, sauti inatoka mbali na sikio, na sauti hupungua kadiri unavyokaa mbali nayo. Pili, nawe unasikia. Ikizidi unajua, na wimbo usiofaa ukipigwa unajua. Huhitaji kumchunguza mtoto wala kugombana naye.

Lakini ina masharti yake. Isiwekwe kitandani kando ya mto. Watoto wadogo wana tabia ya kuikumbatia na kuweka sikio juu yake ili wasikie besi, na hapo faida yote imepotea. Iweke juu ya kabati, mita moja au mbili kutoka wanapokaa.

Na kwa wanaoishi nyumba za kupanga, mkumbushe mtoto kwamba ukuta ni mmoja na wapangaji wenzenu nao wana masikio. Sauti inayowatosha walio chumbani si lazima ifike uani.

4. Vicheza muziki vyenye skrini

Kundi hili ni la iPod na ndugu zake. Apple ilitangaza mwaka 2022 kwamba inaacha kutengeneza iPod, kwa hiyo ukiiona inauzwa, mara nyingi ni iliyotumika. Iangalie betri kabla ya kutoa hela, maana inachoka na kuibadilisha si kazi rahisi.

Historia yake ina somo moja kwa wazazi. Mwaka 2002 iPod iliondolewa kwa muda kwenye maduka ya Ufaransa, kwa sababu sauti yake ilipita kikomo cha desibeli 100 kilichowekwa na sheria ya nchi hiyo. Apple ilibadilisha programu, ikarudi sokoni. Maana yake ni kwamba kikomo kinawezekana, mtengenezaji akitakiwa kukiweka au mnunuzi akikidai.

Ukipata kifaa cha aina hii, nenda kwenye mipangilio utafute kikomo cha sauti. iPod nyingi za miaka ya baadaye zinacho, na unaweza kukifunga kwa namba ya siri.

5. Simujanja

Wengi wetu tunaiona simujanja kuwa adui wa malezi, na kwa mambo mengi tuna haki. Mtoto anaingia kusikiliza wimbo mmoja, baada ya dakika kumi yuko kwenye video ya tano. Bando linaisha, usingizi unapotea, na usiku simu inalala naye.

Lakini kwa upande wa masikio tu, simujanja ina kitu ambacho MP3 ya bei ya chini haina: inaweza kupangiwa mipaka.

Kwenye iPhone, ingia mipangilio, fungua sehemu ya sauti, kisha usalama wa hedifoni. Hapo unaweza kupunguza sauti kubwa na kuchagua kikomo kuanzia desibeli 75. Kwenye simu nyingi za Samsung, ndani ya mipangilio ya sauti, kuna kikomo cha sauti ya muziki ambacho unaweza kukifunga kwa namba ya siri. Simu nyingine za Android hutoa onyo sauti ikipita kiwango fulani. Mfundishe mtoto kwamba onyo hilo si la kubonyeza lipite.

Na hapa ndipo ile ya kabatini inapoingia. Kama kuna simujanja ya zamani uliyoiacha baada ya kununua nyingine, itoe. Toa laini. Futa programu zote usizozihitaji. Weka nyimbo, hadithi na masomo ya kusikiliza kwenye memori kadi. Iweke kwenye hali ya ndegeni na uzime waifai. Weka kikomo cha sauti pale simu inaporuhusu, na namba ya siri uijue wewe.

Sasa una kicheza muziki kisicho na intaneti kama MP3, chenye kikomo kama simu mpya, na hujatoa hata shilingi. Kwa mtoto wa kuanzia miaka 12 hivi, sijaona cha dukani kinachoizidi kwa bei hiyo. Hakikisha tu betri haijavimba. Kama mgongo wa simu umeinuka au simu inachemka sana ikiwa kwenye chaji, usimpe mtoto.

Kinachoingia sikioni ni muhimu kuliko kifaa

Mzazi anaweza kutumia wiki nzima kuchagua kifaa, halafu spika za masikioni akanunua za kwanza alizoziona kwa mmachinga kituoni. Ni kinyume. Sikio halijui kama muziki umetoka kwenye simu ya milioni moja au MP3 ya sokoni, linapokea kile kinacholetwa na spika.

Hedifoni za kufunika sikio zima ndizo bora kwa mtoto. Zinakaa nje ya tundu na zinazuia kelele za pembeni. Hilo la kelele ni la maana sana, kwa sababu mtoto hapandishi sauti kwa ukaidi tu, anapandisha ili muziki uzidi ngurumo ya injini na kelele za konda. Kelele zikizuiwa, sauti ndogo inatosha.

Spika za kuchomeka zinamfaa kijana mkubwa, zikiwa na vipira laini vinavyoziba vizuri na sauti ikiwa chini. Zile ngumu zisizoziba ndizo zinazowafanya vijana wapandishe sauti hadi mwisho wakiwa barabarani.

Vile vidogo visivyo na waya visimfikie mtoto mdogo kabisa. Ni rahisi kumezwa au kumkaba. Ndivyo ilivyo pia kwa betri bapa za mfano wa kitufe zinazokaa kwenye rimoti na vifaa vingine vidogo. Ikimezwa na kukwama kooni, betri hiyo inaweza kuanza kuunguza ndani ya saa mbili. Ukishuku amemeza, usisubiri asubuhi, kimbia hospitali.

Wazazi huuliza pia kama bluetooth inaunguza ubongo. Mawimbi yake ni ya nguvu ndogo sana, na si ya aina ya eksirei. Yenye waya na isiyo na waya, kwa sikio hatari ni ileile: sauti kubwa kwa muda mrefu.

Na kuhusu hedifoni za watoto zenye maandishi “desibeli 85” kwenye boksi, usiyachukulie kuwa ruhusa ya kuzivaa siku nzima. Namba hiyo inajulikana zaidi kutokana na viwango vya kelele kazini, ambako mtu mzima hupewa saa nane kwa siku. Kwa mtoto, tumeshaona hesabu yake: ni kama nusu saa kwa siku. Zinasaidia, lakini sauti bado ishushwe.

Kila mtoto awe na zake. Kupeana spika za kuchomeka ni kupeana uchafu wa masikio na vijidudu. Zipanguse kwa kitambaa kikavu kila baada ya siku chache. Mtoto ambaye sikio linatoa usaha asivae kabisa za kuchomeka mpaka atibiwe apone.

Vipimo vitatu usivyolipia

Huna haja ya mashine ya kupima desibeli. Jaribu haya nyumbani.

Cha kwanza ni cha mkono. Simama mbele ya mwanao, umbali wa mkono ulionyooshwa, akiwa amevaa hedifoni. Kama unaisikia nyimbo yake kiasi cha kuijua, sauti ni kubwa mno.

Cha pili ni cha jina. Ukiwa umbali huohuo, muite kwa sauti ya kawaida. Asipogeuka, ashushe.

Cha tatu ni cha chumba kimya. Usiku nyumba ikiwa imetulia, mwambie aweke sauti mahali panapomtosha, kisha angalieni namba au idadi ya vijiti kwenye skrini. Hapo ndipo mpaka wa nyumbani. Akiwa kwenye daladala akaona haitoshi, jibu ni kuzima mpaka ashuke, si kupandisha. Kwa kifaa kisicho na skrini, hesabuni mibonyezo kutoka sauti ya chini kabisa.

Kwa ujumla, isizidi asilimia 60 ya uwezo wa kifaa, na baada ya kila saa moja masikio yapumzike walau dakika kumi. Mapumziko ambayo zamani yaliletwa na kaseti kuisha, sasa inabidi uyalete wewe.

Mtarajie malalamiko. “Baba, mbona ndogo hivi, sisikii kitu.” Subiri dakika tano. Sikio lililozoea kelele huanza kusikia vizuri likitulizwa. Na mwenye kulea naye ajikague, maana mtoto anayeona sabufa ya sebuleni ikitikisa madirisha kila Jumapili hatakuelewa ukimwambia ashushe sauti.

Jambo moja halina mjadala: akivuka barabara, akitembea kando ya barabara au akipanda bodaboda, masikio yote mawili yawe wazi.

Umri upi, kifaa kipi

Chini ya miaka sita, hakuna haja ya kuweka kitu chochote masikioni mwake. Spika juu ya kabati inatosha, kwa nyimbo na kwa hadithi.

Miaka saba hadi 11, spika iendelee kuwa chaguo la kwanza. Ukitaka kumpa chake, MP3 isiyo na skrini inafaa, ikiwa na hedifoni za kufunika na mpaka mliokubaliana.

Miaka 12 na kuendelea, simu ya zamani isiyo na laini, yenye kikomo. Vikilala vifaa vyote sebuleni usiku, itakuwa vizuri zaidi, maana muziki wa kulala nao masikioni ni saa sita au nane za ziada ambazo hakuna anayezihesabu.

Kama hela ni ngumu, kiswaswadu mezani kwa spika ya nje si cha kudharau. Kwa masikio, kinaishinda simu mpya iliyofungwa masikioni kutwa nzima.

Dalili za kukupeleka hospitali

Angalia mtoto anayeuliza “eeh?” kila mara, anayepandisha televisheni wengine wakiona inatosha, anayekutazama mdomo unapoongea, anayesema masikio yanalia, au ambaye maksi zake zimeshuka bila sababu huku mwalimu akisema hasikilizi.

Usimwagie mafuta ya moto, maji ya vitunguu wala kumchokonoa kwa pamba za vijiti. Mpeleke kituo cha afya, aangaliwe kama ni nta au maambukizi, mambo ambayo yanatibika. Ikihitajika, atapewa rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo akapimwe usikivu kwa mashine. Kipimo hakiumi: mtoto anavaa hedifoni na kuonesha kila anaposikia mlio.

Kwa wenye matatizo makubwa ya usikivu, nchi yetu imepiga hatua. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza mwaka 2017 kupandikiza vifaa vya kusaidia kusikia, huduma ambayo awali wagonjwa walikuwa wanapelekwa India kuifuata. Ni huduma kubwa na ya gharama, na imeokoa watoto waliozaliwa bila kusikia. Mtoto aliyezaliwa na masikio mazima asifikishwe huko na wimbo.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, fungua kabati kwanza. Na leo jioni, mtoto akiwa amevaa hedifoni zake, simama umbali wa mkono umuite kwa jina, taratibu.